Imeili ilikuja kwa jina la kaka yangu

Ndugu Mhariri,

Asalaam aleikum, na wasomaji wote habari za leo. Naomba nafasi niongelee virusi vya kwenye imeili, maana kila nikisoma gazeti habari za wadukuzi ni za mabenki na makampuni makubwa na serikali, basi mtu wa nyumbani akisoma anasema hayo ya wakubwa, mimi nina kompyuta moja sebuleni watanitafutia nini. Nami nilikuwa nasema hivyohivyo mpaka Oktoba 2020.

Mimi naishi Ngamiani hapa Tanga. Kompyuta yetu ni ya mezani, iko sebuleni, nyumba nzima tunaitumia, watoto wanafanyia homuweki na magemu, mimi natunzia hesabu za kikoba chetu maana ndio katibu, na naandikiana na kaka yangu aliyeko Muscat. Mwaka ule tulikuwa na jambo la kiwanja cha marehemu baba, karatasi tunaskani huku tunamtumia, anasoma anasaini anarudisha, yaani imeili zilikuwa zinakwenda na kurudi karibu kila wiki.

Jioni moja ikaingia imeili ina jina lake. Kichwa chake ni kilekile cha mazungumzo yetu ya kiwanja, na ukishuka chini unakuta maneno yangu mimi mwenyewe niliyomwandikia wiki mbili nyuma, neno kwa neno. Juu kuna mstari mmoja wa Kiingereza unasema angalia karatasi niliyoambatanisha, na pasiwedi ya kufungulia faili imeandikwa palepale. Hicho Kiingereza kingenishtua, kaka yangu hajawahi kuniandikia Kiingereza tangu tuzaliwe, lakini nilikuwa nasubiri karatasi ya kiwanja na karatasi imekuja, nikafungua. Ikaja faili ya Word, ndani hakuna barua, kuna picha tu inayosema faili hii imetengenezwa kwenye toleo lingine, ili uisome bonyeza kitufe kilichoandikwa Enable Content kwenye ule mstari wa njano juu. Nikabonyeza. Hakikutokea kitu, karatasi haikuonekana, nikajua imeharibika njiani, nikafunga kompyuta nikaenda kupika.

Siku ya pili shoga yangu mmoja wa kikoba akaniuliza mbona umenitumia faili haifunguki. Nikashtuka lakini nikamjibu labda ni mtandao. Sasa hapa ndipo ninapotaka wasomaji wanisikilize vizuri. Moyoni nilishajua kuna kitu hakiko sawa, ila niliona aibu, mimi ndio katibu, mimi ndio wanayemtegemea kwa mambo ya kompyuta, nitaanzaje kusema nimeleta ugonjwa? Nikanyamaza siku nne nzima. Ndani ya siku hizo nne zilienda imeili kwa jina langu kwa wanakikoba, kwa mwalimu wa darasa wa mwanangu, kwa wifi yangu, kwa steshenari tunakoskania, mpaka kwa mzee mmoja wa msikitini ambaye nilimwandikia mara moja tu mwaka 2018. Mwalimu mstaafu mmoja, mwanakikoba mwenzetu, aliifungua kwenye laptopu ya mwanawe na yeye akabonyeza vilevile kama mimi, kwa sababu imetoka kwangu na mimi ananiamini. Ningepiga simu siku ile ya pili asingeifungua.

Siku ya tano wifi yangu alipiga kutoka Muscat, wifi wewe umetutumia nini, kaka yako anasema hajakuandikia kitu wiki hii. Ndipo nikamwita mtoto wa kaka yetu mwingine, anasomea mambo ya kompyuta, akaja akakaa akachunguza. Akanionyesha jambo ambalo hakuna aliyewahi kunionyesha: jina linaloonekana juu ya imeili mtu anaandika analotaka yeye. Akagusa jina la kaka, anwani yenyewe ikatokea nyuma yake, ni ya kampuni fulani ya nchi sijui gani, haina uhusiano na kaka hata kidogo. Akasema, shangazi, tabia ya kitu hiki inafanana kabisa na kirusi kinaitwa Emotet, kazi yake ndiyo hii, kinaingia kwenye kompyuta ya mtu kinaiba mazungumzo yake ya imeili na majina ya watu wake, halafu wenye kirusi wanajibu yale mazungumzo kwa jina lake ili mpokeaji aone ni mwendelezo. Na ile pasiwedi ya kufungulia faili haikuwekwa kwa usalama wangu, iliwekwa ili mitambo ya imeili inayochunguza viambatanisho ishindwe kuona ndani.

Niliposikia nikataka kujua zaidi, na tangu hapo nimesoma sana. Kumbe ujanja wenyewe ni wa zamani, wanabadilisha nguo tu. Machi 1999 kilitoka kirusi cha Melissa huko Marekani, nacho kilikaa ndani ya faili ya Word, ukiifungua kinachukua majina 50 ya kwanza kwenye kitabu chako cha anwani kinajituma kwao kwa jina lako, wakidhani ni ujumbe muhimu kutoka kwako. Aliyekitengeneza, David L. Smith wa New Jersey, alifungwa miezi 20. Mwaka uliofuata, Mei 2000, kikatoka kingine Manila, Ufilipino, kichwa cha imeili kinasema nakupenda kwa Kiingereza, na kiambatanisho kinaitwa LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs. Hiki hakikuishia majina 50, kilichukua kitabu kizima, na kikaenda kufuta na kuharibu picha za watu. Mpaka bunge la Uingereza lilizima imeili zake siku ile. Kijana aliyekitengeneza, Onel de Guzman, alijulikana lakini mashitaka yakafutwa kwa sababu Ufilipino wakati ule haikuwa na sheria ya kumshika.

Angalia tena jina la ile faili, maana ndilo linalotuhusu mpaka leo. Windows kwa kawaida inaficha ule mkia wa mwisho wa jina la faili. Kwa hiyo watu walioletewa LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs wengi waliona inaishia kwenye TXT, yaani maandishi ya kawaida tu, ule mkia wa vbs unaosema hii ni programu ulikuwa umefichwa. Ni miaka 25 na ushee na Windows bado inaficha mikia. Leo wanakutumia ankara.pdf.exe wewe unaona ankara.pdf na unabonyeza. Nenda kwenye kidirisha cha mafaili, bonyeza View, kwenye Windows 11 pita tena kwenye Show, weka tiki kwenye File name extensions, ni dakika moja na haichukui bando. Ukifanya hivyo faili ikiishia na exe, vbs, js, scr, lnk au iso na imekuja kwa imeili, hiyo si karatasi hata kama imechorwa alama ya karatasi.

Turudi nyumbani kwangu maana uharibifu mkubwa ulikuwa bado. Yule kijana aliniambia shangazi usiifute kwanza, tutoe picha na mafaili yako taratibu, nitarudi Jumamosi. Mimi presha imepanda, watu wananipigia, sikusubiri, nikaibeba kwa fundi mmoja mjini nikamwambia ina virusi. Akasema hiyo ni ya kupiga windo tu mama, yaani kuiweka Windows upya, njoo saa kumi. Saa kumi nikaikuta inawaka vizuri, nyepesi, safi. Nikauliza picha zangu ziko wapi akasema si umesema ina virusi, nimefuta kila kitu. Hesabu za kikoba za miaka mitatu zilikuwa humo, hizo tulizirudisha kidogokidogo kutoka kwenye madaftari ya wanachama. Picha za baba za siku zake za mwisho hospitalini, na ile moja akiwa amembeba kitukuu chake, hazikuwa mahali pengine popote. Sitaki kuliandika zaidi hilo.

Na bado haikuisha. Yule kijana alipokuja Jumamosi akaiangalia ile windo mpya akasikitika. Fundi ameweka Windows ya kuchakachua na Office ya kuchakachua, na ili zile programu za kuifanya ionekane imelipiwa zifanye kazi amezima Defender, ile antivairasi inayokuja na Windows yenyewe bila malipo, na apdeti zote amezizima, aliniambia zinakula bando na zinafanya mashine iwe nzito nikaona ananihurumia. Yaani nimepeleka kompyuta iliyoibiwa nimerudishiwa isiyo na mlango.

Naomba niseme na mafundi wetu kwa heshima, najua wateja hatutaki kulipia, najua bei ya Windows halali kwa mtu wa hali yetu inauma, na wengi wenu mmejifunza wenyewe kwa bidii. Lakini kumzimia mtu ulinzi bila kumwambia si sawa, wallahi si sawa. Mwambie mteja nimezima hiki kwa sababu hii aamue mwenyewe. Na kabla hujafuta muulize, mama kuna picha humu? Swali moja tu. Mwenye kompyuta hajui kwamba kupiga windo kwa namna yenu ni kufuta kila kitu, anadhani ni kama kubadilisha oili.

Kuhusu apdeti za kwenye Word, zina faida ambayo ningeijua mapema ningepona. Mwaka 2022 Microsoft waliamua faili iliyotoka mtandaoni ikiwa na makro, yaani amri zilizofichwa ndani ambazo ukibonyeza Enable Content unaziruhusu zifanye kazi, Word iizuie yenyewe na kile kitufe cha njano kisitokee kabisa. Ila mwenye Office ya zamani iliyochakachuliwa isiyopata apdeti, yeye kitufe chake kiko palepale kinamsubiri. Na wezi nao hawakulala, baada ya hapo wakahamia kwenye faili za iso na lnk na za OneNote, ile programu ya Microsoft ya kuandikia madokezo, ndiyo maana nasema mkia wa faili uonekane, usitegemee tu kwamba Word itakukinga.

Hilo la bando ni kweli zinakula, apdeti moja inaweza kuwa mamia ya MB, na mtu ana bando la siku la elfu moja. Sisi tunafanya hivi, mara moja kwa wiki mwanangu ananunua bando la usiku, kompyuta inaachwa inawaka inajivutia apdeti zake, asubuhi tunairistati. Siku nyingine tumeiweka kwenye ile hali ya kuhesabu data, metered, ili isijivutie kitu bila sisi kujua. Hiyo ni gharama ndogo kuliko ile niliyolipa. Na mwenye Windows 10 aelewe kwamba tangu tarehe 14 Oktoba 2025 msaada wake wa kawaida umekwisha, anatakiwa ajiandikishe kwenye ule mpango wa nyongeza unaofika Oktoba 2026 au ahamie 11 kama mashine yake inaikubali, akikaa tu hivihivi matundu mapya ya kupitia wezi yakigunduliwa hayatazibwa kwake.

Watoto nao. Zamani sote tuliingia kwa akaunti moja na hiyo akaunti ndiyo yenye mamlaka yote ya kuweka programu. Sasa kila mtu ana yake ya kawaida, ile yenye mamlaka ina pasiwedi tunayoijua mimi na mkubwa wao. Kitu kikitaka kujiweka kwenye kompyuta kinauliza pasiwedi, mtoto anakuja jikoni, mama inataka pasiwedi, namuuliza umebonyeza nini, tunaangalia pamoja. Haizuii kila kirusi, vingine havihitaji mamlaka hayo, lakini imeshatuzuilia magemu mawili ya ajabu.

Pasiwedi za imeili niliambiwa nibadilishe, ila nibadilishie kwenye simu au mashine nyingine, kwa sababu ukibadilishia kwenye kompyuta yenye kirusi ni kumpa mwizi funguo mpya mkononi. Na ukishabadilisha utoke kwenye vifaa vyote, halafu uwashe uhakiki wa hatua mbili, yaani hata mtu akijua pasiwedi yako bado anatakiwa athibitishe kwenye simu yako. Kama pasiwedi ileile ulitumia sehemu nyingine, na wengi tunafanya hivyo, huko nako badilisha.

Bakapu ndiyo ninayoililia zaidi. Nimenunua hadidiski ya nje, hizi wanazoita eksteno, kila Jumapili baada ya kuandika hesabu nachomeka nakopi nachomoa naiweka kabatini. Kuchomoa ni lazima, maana kuna virusi vinavyofunga mafaili yako na kudai hela, na vikikuta eksteno imechomekwa vinaifunga nayo. Hesabu na picha chache za muhimu nimeziweka pia Google Drive, mwenye Gmail anapewa GB 15 bure, kwa hesabu za kikoba huwezi kuzimaliza. Na mtu akifungiwa mafaili asikimbilie kulipa, hakuna dhamana kwamba atafunguliwa, kuna mradi unaitwa No More Ransom ulioanzishwa 2016 na polisi wa Uholanzi na Europol, shirika la polisi la Umoja wa Ulaya, na makampuni ya usalama wa kompyuta, wanatoa funguo bure kwa aina kadhaa za virusi hivyo, si zote, lakini aanzie hapo.

Kuna walioniuliza mbona hukwenda polisi. Sheria tunayo, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na anayetaka kuripoti aripoti. Ila mjue ukubwa wa watu hawa. Januari 2021, miezi mitatu tu baada ya yangu, polisi wa nchi 8 wakiwemo Uholanzi, Ujerumani, Marekani na Ukraine walishirikiana wakaiteka mitambo ya Emotet yote. Nilifurahi siku niliposoma. Novemba mwaka huohuo kikarudi. Kwa hiyo mimi sikai nikisubiri waishe, nalinda sebule yangu.

Na namna yangu kubwa ya kulinda haina kompyuta ndani yake. Nikipata kiambatanisho ambacho sikukitegemea, au nilikitegemea lakini maneno si ya mwenyewe, napiga simu. Si kujibu ileile imeili, maana unaweza kuwa unamuuliza mwizi naye atakujibu ndiyo ni mimi, nampigia au namtumia sauti ya WhatsApp, umenituma kitu? Kinaitwaje? Mwanzoni watu walikuwa wananishangaa, wengine wanaona kama siwaamini. Nawaambia wewe nakuamini, ninayemhofia ni anayetumia jina lako. Kaka naye sasa kabla hajatuma karatasi anapiga kwanza, dada nakutumia kurasa tatu, faili inaitwa hivi. Na kwenye kikoba tumekubaliana, mtu akihisi tu kwamba amebonyeza kitu kibaya anasema siku hiyohiyo kwenye grupu, hachekwi na hagombezwi. Mwezi uliopita dada mmoja alisema, saa tatu usiku, jamani nimefungua kitu sijakielewa, ikitoka imeili yoyote kwa jina langu msiifungue. Asubuhi yake zilitoka imeili kwa watu 11. Hakuna hata mmoja aliyefungua.

Yule mwalimu mstaafu nilimfuata nyumbani kwake nikamwomba radhi. Laptopu ya mwanawe ilipona, wao walimpata mtu aliyeitolea mafaili kwanza. Alinisamehe lakini aliniambia, mwanangu, kilichoniuma si laptopu, ni kwamba ulijua tangu Jumanne.

Mhariri, kama nafasi ipo naomba barua hii itoke Jumamosi. Ndiyo siku tunayokutana kikoba, na gazeti huwa tunasomeana kwa sauti, maana kuna wazee ambao macho yao hayaoni tena herufi ndogo lakini imeili wanazipokea kwenye simu za watoto wao.

Ni mimi msomaji wenu,
Katibu wa kikoba, Ngamiani, Tanga